Bafu Lililopanda Malunde

Nikisikia mtu anasema anakwenda kupumzika, shingo inaniuma. Mimi nimewahi kumwona Mdachi akipumzika. Alipumzika siku chache tu, kijiji kizima tukabaki hoi, na angeachiwa angepumzika mpaka atuzike.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu gari moshi lifike Dodoma, mwisho wa kiangazi, ule mwezi ambao Ugogo nzima inatazama juu na juu hakuna kitu. Kijiji chetu kiko chini ya mlima Malunde. Ukiondoka Dodoma alfajiri, unafika kwetu jua linazama. Tulikuwa na kisima kimoja, shimo katika mchanga wa korongo. Unachimba, unakaa, maji yanachuruzika kidogo kidogo kama machozi ya mrithi kwenye matanga ya tajiri. Kwa hiyo tulichota kwa zamu. Zamu yako ikifika unajaza vibuyu, unanywesha mifugo, unampisha mwenzako. Ikikupita imekupita, usimlilie mtu.

Mimi nilikuwa na ng'ombe mmoja. Zamani zizi letu lilijaa, lakini maradhi yalipita, kisha kodi ikapita, akabaki huyo mmoja, Mbala, mwekundu, na mimba ya kuzaa wakati wowote. Nyumbani nako mkwe wangu, mke wa mwanangu Sila, alikuwa amejifungua na maziwa yamemkauka. Mjukuu wangu analia sauti ndogo, sauti ya mtu aliyekata tamaa kabla hajaanza. Tulimpa uji mwepesi wa uwele, akautema. Kila mtu alijua mambo yalivyo: Mbala akizaa, mtoto anapata maziwa. Mbala akianguka kwa kiu, tunazika wawili. Sikuwa na neno jingine kichwani mwezi ule.

Basi asubuhi moja akaja Akida Athuman. Mtu wa pwani, kanzu nyeupe, kiboko mkononi, serikali imemweka juu yetu. Lakini alikuwa ameoa kwetu, na mke wake ni binti wa Bibi Nyemo, mkubwa wa wanawake wa kijiji. Mama mkwe akikohoa, Akida anakaa wima. Akatukusanya.

"Kuna bwana mkubwa wa gari moshi anakuja na mkewe," akasema. "Wanakuja kupumzika."

"Wamechoka kwa nini?" akauliza Bibi Nyemo.

"Kwa kazi, mama."

"Kazi ya kukaa kwenye kiti?"

"Mama, nakuomba." Akida akafuta jasho, akaeleza. Kwao Udachini, mtu mwenye uwezo akichoka humchukua mkewe wakaenda kwenye mji wenye milima na maji. Asubuhi wanapanda mlima. Mchana wanajitumbukiza majini. Jioni wanakandwa mgongo. Wanarudi kwao wapya. Sasa bwana huyu hakupewa ruhusa ya kwenda Ulaya, na daktari amemwambia mishipa yake imekaza, na ya mkewe pia. Akauona Malunde kutoka dirisha la gari moshi, akasema dawa ni ile pale.

"Mlima kauona," nikasema mimi. "Maji kayaona wapi?"

Akida akakitazama kiboko chake kana kwamba ndicho kitakachojibu. "Maji mtapeleka nyinyi."

"Wapi?"

"Juu."

Loo! Watu walishika vichwa. Ngoja nikueleze kwa nini, maana bila hili hutanielewa. Malunde ni mlima wa mvua. Mawingu ya kwanza hukaa pale, na mtemi hupeleka kondoo wake mweusi pale. Kwetu maji hushuka kutoka Malunde, hayapandi. Hata mchunga mbuzi hapandi na kibuyu cha kunywa, atakunywa akishuka. Kuupelekea mlima maji na kuyamwaga juu yake ni kuuambia: tunayo, tumeshiba, wape wengine. Akida alilijua hilo vizuri sana, ila mshahara ulikuwa umemziba masikio. "Mwenye nguvu mpishe," akasema, akajiondokea kabla mama mkwe hajafungua kinywa.

Wakaja. Mbele wapagazi wamebeba bafu la bati, limefungwa kwenye miti miwili, wanalitembeza taratibu kama maiti ya mfalme. Nyuma yake viti, mwavuli, taulo, chupa, na sanduku la chumvi. Chumvi, jamani! Tukaambiwa si ya kula, ni ya kuogea. Kisha bwana mwenyewe, jina lake Lindemani, kaptura fupi, fimbo mkononi, anaimba. Na nyuma kabisa mkewe, Bibi Klara, viatu vya misumari, uso mwekundu, kofia imeangukia sikio, anajikokota. Kila walipofika kwenye jiwe, bwana alisimama, akapanua mikono, akavuta hewa mpaka vifungo vikalalamika, kisha akamwamuru mkewe avute naye. Mwanamke ameishiwa pumzi, anaamriwa kuvuta pumzi! Tukamwita Bwana Pumzi, na jina likamkaa.

Bafu wakaliweka kwenye mwamba bapa, si juu sana, mahali ambapo upepo unapita. Askari wawili wakawekwa kisimani. Siku hiyo ilikuwa zamu ya nyumba za upande wa magharibi, na zamu yao yote ikapanda mlima juu ya vichwa vyao wenyewe, kibuyu baada ya kibuyu. Bwana akaingia, akakaa, akafumba macho, akaguna. Mkewe akaingia baadaye, akatoka haraka. Kisha wapagazi wakalipindua bafu pale pale mwambani. Maji yakakimbia kwenye nyufa, yakanywewa, mwamba ukakauka tukiutazama.

Bibi Nyemo alikuwa amesimama kando yangu. Akajifunika kichwa kwa nguo yake, akakaa chini. "Ameuambia tumeshiba," akasema.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu mimi sikwenda nyumbani, kwa sababu Bwana Pumzi alikuwa ameiona mikono yangu. Nimetwanga uwele tangu utoto, mikono yangu ni ya kazi. Akida akaniambia nimechaguliwa kumkanda bibi mgongo. Nimechaguliwa! Kama vile nimeposwa.

Nikaingia hemani. Bibi Klara alikuwa amelala kifudifudi, na miguu yake, masikini, ilikuwa na malengelenge kila kidole. Nilipomgusa bega akashtuka.

"Mama, usikande," akasema. Alijua Kiswahili cha jikoni, kile cha kumwagiza mpishi. "Kaa tu. Mimi nataka lala."

"Si umekuja kupumzika, bibi?"

"Asubuhi panda. Mchana maji. Jioni panda tena, tazama jua. Kisha yeye soma kitabu juu ya faida ya maji. Kila siku." Akageuza uso. "Yeye napumzisha mimi mpaka nakufa."

"Humwambii?"

"Nasema. Yeye nasema, hiyo ni mishipa."

Nilimwonea huruma, siwezi kukuficha. Nilikuja nimemkasirikia, nikajikuta nampulizia malengelenge. Lakini huruma haikunisahaulisha Mbala. Nikamwambia polepole, kwa maneno ya jikoni na vidole: kesho zamu ya maji ni yangu. Nina ng'ombe, ana ndama tumboni. Nyumbani kuna mtoto mchanga hana maziwa. Mwombe bwana wako kesho asioge. Kesho moja tu.

"Ng'ombe," akasema. "Toto." Akainuka, akavaa, akaenda kwa mumewe. Nikasikia sauti yake ndogo, kisha sauti ya bwana, ndefu, yenye upole wa mtu anayemfundisha mjinga. Alipomaliza, Akida akanitafsiria akiwa anatazama miguu yake.

"Bwana anasema tiba haikatizwi. Ikikatizwa siku moja, lazima kuanza upya tangu mwanzo."

Yaani nilimwombea Mbala siku moja, nikakaribia kuongezewa wiki.

Nilishuka na hasira zangu. Mbala alikuwa amepiga magoti zizini, pua kavu, hanitazami. Ndani mtoto alikuwa amenyamaza, na ukimya wake ulinitisha kuliko kilio. Mume wangu, Baba Sila, alikuwa ameketi mlangoni akichonga mpini wa jembe, kana kwamba kuna shamba.

"Tutafanyaje, mama," akasema. "Nguvu ni yao."

"Na yako iko wapi?"

Akaendelea kuchonga. Nikamwambia, "Basi nipe nguo zako na mkuki." Akanitazama, akaelewa, akaingia ndani kuvileta mwenyewe. Maana Bibi Nyemo alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba kusema nchi imechafuka.

Kwetu nchi ikichafuka, mvua ikafungwa au mifugo ikafa ovyo, maana yake uanaume umeshindwa kazi. Hapo wanawake wanauchukua. Tunavaa nguo za waume zetu, tunashika mikuki yao na marungu, tunachunga ng'ombe wenyewe, na tunaucheza ule uchafu, tunausukuma kwa ngoma hadi mpaka wa magharibi, kule jua linakotua, tunautupa, tunarudi bila kutazama nyuma. Siku hiyo mwanaume hasimami njiani. Akisimama atapigwa, atatukanwa matusi ya kumfanya mama yake azibe masikio, na bahati yake itakatika. Hata mtemi hujifungia ndani.

Sila akaogopa. "Mama, mtapigwa risasi," akasema. Hakukosea, vita vya kusini havikuwa vya zamani, na tuliyoyasikia yalitutosha. Mimi pia niliogopa. Lakini nikamwambia, "Mwanao akinyamaza kesho kama alivyonyamaza leo, risasi itanifanya nini?"

Tukaondoka jua limepanda. Wanawake wa kijiji chote, wazee kwa wasichana, na ng'ombe mbele. Mbala nilimwinua kwa bega langu, akatembea akiyumba. Zamu yangu ilikuwa imeshapanda mlima tangu asubuhi, maana askari walisimama kisimani na wapagazi wakachota wenyewe. Tulipopiga kile kigelegele chenyewe cha siku hiyo, askari, ambao ni wazaliwa wa bara hili hili, walikumbuka ghafla kwamba kuna mbuzi amepotea upande wa pili wa mlima. Wapagazi wakaenda kuwasaidia kumtafuta. Akida Athuman alionekana akikimbia na kanzu yake imeshikwa kiunoni, akajitumbukiza katika kihenge cha uwele cha mke wake, akajivutia kifuniko. Kihenge kilikuwa kitupu, alipata nafasi ya kutosha.

Ng'ombe wakabaki chini na wasichana. Sisi tukapanda. Bwana Pumzi alikuwa ndani ya bafu, maji mpaka kifuani, kofia kichwani. Alipotuona na mikuki yetu na nguo za kiume, uso wake ukang'aa. Akapiga makofi! Alidhani Akida amemwandalia ngoma.

Bibi Nyemo akalizunguka bafu, mkuki juu, akaanza kuimba. Maneno ya wimbo ule siwezi kukuambia, wewe bado kijana. Yalihusu mambo ya wanaume na udogo wake. Bwana akaitikia kwa kugonga ukingo wa bafu kwa mpigo sawasawa, anatikisa kichwa, amefurahi kabisa. Tukaishika ile miti miwili ya kubebea bafu.

"Akida!" akaita, akicheka bado. "Akida!"

Bafu likainuka. Kicheko kikapungua. Akaitisha suruali yake.

Hapo Bibi Klara akatoka hemani na sanduku la chumvi mkononi. Wanawake wakasimama, maana siku hiyo mwanamke hawezi kubaki nyuma. Nikamwendea. "Bibi," nikamwambia, "leo wanawake ndio wanaume. Vaa."

Akaitazama suruali ya mumewe juu ya kiti. Akamtazama mumewe. Kisha akaivaa, pale pale, akakunja miguu ya suruali isiguse malengelenge, na Bibi Nyemo akampa mkuki. Akacheka kicheko kilichokuwa kimekaa tumboni siku nyingi. Bwana akasema neno refu la Kidachi. Mkewe akamjibu neno moja tu, fupi. Sikulijua, lakini wanawake wote walilielewa, wakapiga vigelegele.

Tukashuka. Aisee, uzito ule! Wanawake wanapokezana mabega, bwana amekamata kingo kwa mikono miwili, maji yanaruka, na mimi nakimbia kando nikipiga kelele: "Msiyumbe! Taratibu jamani! Hayo ni maji ya Mbala!" Walinicheka huku wakihema. Bwana alidhani namhurumia yeye, akanitikisia kichwa kwa shukrani.

Tukafika mpakani, kwenye korongo kavu la magharibi. Upande wa pili si kwetu tena. Bibi Nyemo akainua mkuki. "Tupeni," akasema.

"Hapana!"

Ni mimi niliyesema. Mwenyewe nilishtuka. Hakuna anayesema hapana siku ile.

"Mama Sila," Bibi Nyemo akaniambia, na macho yake hayakuwa ya mchezo, "uchafu wa nchi hautiwi mfukoni. Unatupwa wote."

"Uchafu ni huyu aliyekaa ndani," nikasema. "Maji ni yetu."

Ng'ombe walikuwa wamefika na wasichana. Mbala alikuwa amesikia harufu, anavuta kamba, ulimi nje. Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Nikasema tena, "Ni yetu, bibi. Yalitoka kwenye kisima chetu. Yamekaliwa tu."

Bibi Nyemo akafikiri. Akawatazama wenzake, akamtazama Mbala, akamtazama na bwana, ambaye alikuwa amejifunika kofia mahali ambapo si kichwani. Kisha akaushusha mkuki.

"Zamu ya leo ni ya nani?" akauliza.

"Yangu."

"Basi ng'ombe anywe kwanza. Uchafu ungoje."

Nikamwachia kamba. Mbala akaingiza pua ndani ya bafu, palepale penye tumbo la bwana, akanywa. Hujawahi kuona ng'ombe akinywa namna ile. Bwana Pumzi kwa mara ya kwanza alibana pumzi. Maji yalikuwa kifuani, yakafika kitovuni, yakafika mapajani. Kila alipotaka kusema, Mbala alipuliza pua, akanyamaza. Bibi Klara akaja na sanduku lake, akaniuliza, "Ng'ombe napenda chumvi?" Nikamwambia sana. Akaweka kiganjani, Mbala akamlamba mkono mpaka kiwiko, na yule mwanamke akasimama pale akilia na kucheka, suruali inamshuka.

Maji yalipobaki ya kuloweshea makalio, Bibi Nyemo akatoa ishara. Tukalipindua bafu upande wa pili wa korongo, pamoja na kilichokuwamo. Tukageuka, tukaimba, tukarudi bila kutazama nyuma. Bibi Klara naye hakutazama. Alikuja mpaka nyumbani kwangu, akajitupa juu ya ngozi ya ng'ombe, akalala mchana ule na usiku wote na asubuhi yake, na Baba Sila akawafukuza kuku wasimwamshe.

Mbala alizaa jike kabla mvua haijaja. Mjukuu wangu alipolia tena kwa sauti ya kumtukana mtu, mkwe wangu na mimi tulishikana tukalia.

Tulikaa tukingoja risasi. Haikuja. Tukaja kusikia kwa Akida kwamba Bwana Pumzi aliwaambia wenzake Dodoma habari nyingine kabisa: kwamba wenyeji walimpa heshima ya kitemi, wakambeba na bafu lake hadi mpaka wa nchi yao, na ng'ombe wao wakaletwa wanywe maji aliyoogea ili wabarikiwe. Akasema mishipa yake haijawahi kulegea kama siku ile. Utamwambia nini mtu kama huyo? Mkewe, wanasema, alikuwa anasikiliza huku ametazama dirishani.

Na kiangazi kilichofuata Akida akarudi, kanzu nyeupe, kiboko mkononi.

"Mabwana watano," akasema, "na wake zao. Wanataka tiba ya Malunde. Kubebwa, na ngoma, na ng'ombe. Wanasema nguvu yote ya dawa iko kwenye ng'ombe."

"Ile haichezwi kwa kuitwa," akasema Bibi Nyemo. "Na mlimani hapandi mtu."

"Mama, watanifukuza kazi!"

Nikamwambia Bibi Nyemo ngoja. Mjukuu wangu alikuwa mgongoni kwangu, mzito, ameshiba. Nikamgeukia Akida.

"Waambie hivi. Mlima hauna kazi, dawa iko mpakani, ndiko ng'ombe wanakokubali. Ngoma hakuna. Wakae tu ndani ya mabafu, ng'ombe waletwe. Lakini maji ya kisima chetu yameisha nguvu, hayaponyi tena. Waje na ya kwao kutoka Dodoma. Mengi, mpaka shingoni, maana mishipa ya mabwana wakubwa imekaza sana. Na kila siku mapya."

Akida akaipangusa kanzu yake. Nadhani alikumbuka kihenge. Akaenda kuwaambia.

Wakaja na mikokoteni ya nyumbu, mapipa juu ya mapipa, tunayasikia yakigongana tangu mbali. Walipopona hao wakaja wengine. Walikaa pale mpakani, kila mmoja ndani ya bafu lake, wamefumba macho kwa raha, na ng'ombe wa kijiji kizima wakiwanywa mpaka magotini. Kiangazi kile hatukuchota kwa zamu.